Rongai iliyozaa maduka makuu: maisha ya waliofanikiwa yasomwe vipi?

Maandishi yanayodai kufundisha siri za mafanikio kupitia maisha ya watu mashuhuri yana umri mkubwa kuliko wengi wa wasomaji wake wanavyodhani. Mwaka 1859 Mskoti Samuel Smiles alichapisha mjini London kitabu cha Self-Help, ambamo aliwasimulia vijana wa tabaka la wafanyakazi habari za wahandisi, wafinyanzi na wavumbuzi walioinuka kwa bidii yao wenyewe. Mwaka 1937 Mmarekani Napoleon Hill akatoa Think and Grow Rich, kilichoshikilia kwamba utajiri huanzia katika fikra kabla ya kufika mfukoni. Na tangu hapo mtindo huo haujakoma. Mjini Nakuru, uliopandishwa hadhi na kuwa jiji la nne la Kenya tarehe 1 Desemba 2021, hoja za vitabu vya namna hiyo husikika katika mahubiri ya Jumapili, katika semina za vyama vya akiba na mikopo, na katika siku ambazo shule za sekondari huwaalika wageni kuja kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi. Dai linalounganisha yote hayo ni kwamba mtu aliyefika mbali ana mtazamo wake wa pekee, na kwamba anayetaka kufika huko hana budi kuunakili.

Mtazamo, katika matumizi ya wanasaikolojia, ni jumla ya imani ambazo mtu anazo kuhusu uwezo wake, kuhusu kazi ya juhudi na kuhusu maana ya kukosea. Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye kitabu chake cha mwaka 2006 ndicho kilicholieneza wazo hili, alitofautisha mtazamo mgando, yaani imani kwamba akili na kipaji ni fungu ambalo mtu huzaliwa nalo na haliongezeki, na mtazamo wa ukuaji, yaani imani kwamba uwezo hukua kwa mazoezi, kwa mbinu bora na kwa msaada wa wengine. Mwenye mtazamo wa kwanza hulipokea kosa kama hukumu juu ya nafsi yake, ilhali mwenye mtazamo wa pili hulipokea kama habari inayomwonyesha pa kurekebisha. Yapo hapa madai mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza, kwamba imani za mtu huathiri namna anavyojifunza, limepimwa na wataalamu kwa miaka mingi. La pili, kwamba imani hizo zinaweza kuchotwa moja kwa moja kutoka maisha ya washindi, halijapimwa kwa kiwango hicho, na likiwekwa mbele ya mifano ya Bonde la Ufa la kati huonyesha nyufa.

Ufa wa kwanza ni wa uteuzi. Anayekusanya maisha ya waliofanikiwa ili kubaini wanachofanana huwa amewaacha nje, bila kukusudia, wale waliokuwa na sifa zile zile na wasifanikiwe. Akigundua kwamba matajiri wake wote walikuwa majasiri, bado hajui ni majasiri wangapi waliofilisika. Ufa wa pili ulielezwa na Phil Rosenzweig katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu athari ya nuru, yaani ile tabia ya matokeo kurudi nyuma na kuzipaka rangi sifa za mhusika baada ya kujulikana, hata kampuni inayopata faida ikasemwa kuwa ina kiongozi mwenye maono, na kampuni hiyo hiyo ikipata hasara, kiongozi yule yule anayefanya mambo yale yale akasemwa kuwa na kiburi. Dawa ya kasoro zote mbili ni kuwapata watu walioanzia mahali pamoja, kwa biashara moja, katika kipindi kinachokaribiana, kisha wakaishia mahali tofauti. Ni nadra maisha kumpangia mtafiti jaribio la aina hiyo, lakini Kaunti ya Nakuru imelipanga.

Kampuni tatu kati ya zile zilizokuja kutawala biashara ya maduka makuu nchini Kenya zina asili ndani ya kaunti hii. Nakumatt ya familia ya Shah ilichipuka kutoka biashara ya mjini Nakuru iliyoitwa Nakuru Mattresses, na jina lake ni ufupisho wa jina hilo. Tuskys, iliyosajiliwa kisheria kama Tusker Mattresses, ilitokana na duka dogo ambalo Joram Kamau alilifungua Rongai, mji mdogo wa kituo cha reli magharibi ya Nakuru ambao wageni huuchanganya na Ongata Rongai ya Kaunti ya Kajiado. Naivas nayo ilianzia Rongai hiyo hiyo mwaka 1990, pale Peter Mukuha Kago alipofungua duka la kujihudumia, biashara ikaenea baadaye hadi Naivasha, mji ambao jina lake limebaki ndani ya jina la kampuni. Kwamba majina mawili kati ya matatu yamebeba godoro huenda si ajabu katika eneo lenye shule nyingi za bweni na mashamba makubwa yenye nyumba za vibarua, ingawa ni vigumu kumpata mwandishi wa vitabu vya mafanikio atakayelitaja godoro kama chanzo cha maono.

Waanzilishi wa biashara hizo wangeingia katika kitabu chochote cha mafanikio bila kupingwa. Walianza na mtaji mdogo, walifanya kazi na watoto na jamaa zao, waliuza walichokuwa wakiulizwa na wateja, na kila mmoja alitoka katika duka moja akafungua la pili wakati majirani zake waliridhika na moja. Kwa kadiri mtazamo wa mtu unavyoweza kusomeka kutokana na matendo yake, walikuwa na mtazamo unaofanana. Hata hivyo, mwandishi ambaye angefika mwaka 2012 kutafuta somo la mafanikio angeichagua Nakumatt bila kusita. Ilikuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilikuwa imewazoesha wakazi wa Nairobi kununua bidhaa usiku wa manane katika maduka yasiyofungwa. Na ilikuwa imesimama tena baada ya moto wa Januari 2009 ulioteketeza tawi lake la katikati ya jiji hilo na kuua zaidi ya watu 20. Kitabu hicho kingesifu ujasiri wa kupanuka, uvumilivu baada ya msiba na uthubutu wa kuvuka mipaka, na hakuna hata sifa moja ambayo ingekuwa ya uongo.

Ili kuelewa kilichofuata ni lazima kujua jinsi fedha zinavyozunguka katika duka kuu. Mteja hulipa papo hapo, lakini msambazaji, yaani mkulima, kiwanda au mfanyabiashara wa jumla anayeleta bidhaa, hulipwa baada ya siku 30, 60 au hata 90. Katika kipindi hicho mwenye duka anashika fedha ambazo si zake, na kadiri anavyofungua matawi mengi ndivyo fedha hizo zinavyoongezeka; ni mkopo usio na riba wala dhamana, na ni kishawishi kikubwa kwa yeyote anayetaka kukua haraka. Mauzo yakiendelea kupanda, fedha za bidhaa mpya hulipa deni la bidhaa za zamani, na kinachobaki hujenga tawi jingine. Mauzo yakidorora kwa miezi michache tu, msambazaji asiyelipwa huacha kuleta mzigo, rafu hubaki wazi, mteja huhamia kwa jirani, na mzunguko wote huanza kwenda kinyume kwa kasi kubwa kuliko ile ya kupanda.

Nakumatt ilikuwa imepanuka kwa njia hiyo na kwa mikopo ya muda mfupi iliyohitaji kulipwa kabla tawi jipya halijaanza kuleta faida. Septemba 2013 shambulio la kigaidi katika jengo la Westgate liliangamiza mojawapo ya matawi yake makubwa. Kufikia mwaka 2017 rafu zake zilikuwa zimekauka. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, yaani mtaalamu anayekabidhiwa kampuni iliyoshindwa kulipa ili ajaribu kuiokoa. Na Januari 2020 wadai, ambao madai yao yalifikia makumi ya mabilioni ya shilingi, walipiga kura ifilisiwe. Matawi sita ya mwisho yalinunuliwa na Naivas.

Habari ya Tuskys inafundisha zaidi, kwa sababu mwaka 2017 Tuskys ndiyo iliyojitokeza kama mwokozi wa Nakumatt, ikajadili kuungana nayo na kukubali kuisaidia ipate bidhaa kutoka kwa wasambazaji waliokuwa wamekata tamaa. Wakati huo ilionekana kuwa mfano wa tahadhari, ndugu mtulivu karibu na ndugu mwenye papara. Lakini Joram Kamau alikuwa amefariki mwaka 2002, na watoto wake walikuwa wamegombana kuhusu uongozi na umiliki hadi kufikishana mahakamani. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia mwaka 2020, kampuni ilikuwa tayari inadaiwa na wasambazaji na wenye majengo, na katika muda usiofika miaka miwili matawi yake yalikuwa yamefungwa moja baada ya jingine.

Naivas ilibaki, na leo ina zaidi ya matawi 100. Kishawishi cha kusema kwamba ilibaki kwa sababu wenyewe walikuwa na mtazamo bora ni kikubwa, na kinapaswa kuzuiwa kwanza. Ugomvi wa kifamilia uliifika pia: mwaka 2013, miaka mitatu baada ya kifo cha Peter Mukuha Kago, familia ilikuwa katika mazungumzo ya kuuza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini, mmoja wa warithi akaenda mahakamani kudai fungu lake, na mpango huo ukakwama. Pengine kesi hiyo, iliyoonekana kuwa balaa, ndiyo iliyoiacha kampuni mikononi mwa wenyewe wakati washindani wao walipokuwa wanaelekea kuanguka na kuacha wazi majengo na wateja. Bahati ya namna hiyo haiwezi kunakiliwa na msomaji yeyote.

Yapo mambo mengine ambayo yanaweza kunakiliwa, na cha kuzingatia ni kwamba hayana mvuto wa kuhubiriwa. Naivas haikuvuka mpaka wa Kenya. Ilikua kwa hatua, ikipendelea mitaa ya makazi na miji ambayo wenzake waliiona midogo. Ilipohitaji fedha nyingi za kukulia, mwaka 2020, iliuza asilimia 30 ya hisa kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na Amethis ya Ufaransa, na mwaka 2022 kundi jingine lililoongozwa na IBL ya Mauritius likawa na asilimia 40. Tofauti ya kuuza hisa na kukopa ni kubwa kuliko inavyoonekana: mkopeshaji hudai fedha zake tarehe ikifika, mauzo yawe mazuri au mabaya, ilhali mwenye hisa hushiriki hasara kama anavyoshiriki faida, na kwa sababu hiyo hudai kuona hesabu za kweli na kuwa na sauti katika kuteua wasimamizi. Familia inayokubali mgeni asome daftari lake imekubali kuambiwa habari mbaya mapema, na hapo ndipo mtazamo wa ukuaji unapokoma kuwa imani ya moyoni na kuwa utaratibu wa ofisini, unaofanya kazi hata siku ambayo mwenye mali hana moyo wa kusikia.

Kutoka Rongai hadi Baringo, upande wa kaskazini, si mwendo mrefu. Mwanariadha Paul Tergat alizaliwa huko mwaka 1969, katika kijiji cha Riwo, na maisha yake husimuliwa mara kwa mara kama ushahidi wa kile ambacho nia pekee inaweza kufanya. Rekodi yake ni ya kustaajabisha kweli: alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5 mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1999, alipata medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na ya Sydney mwaka 2000, mara zote mbili nyuma ya Mwethiopia Haile Gebrselassie, mara ya pili kwa tofauti ya sekunde 0.09, na Septemba 2003 mjini Berlin akawa mtu wa kwanza kukimbia marathoni kwa muda ulio chini ya saa 2 na dakika 5, akimaliza kwa 2:04:55. Lakini Tergat mwenyewe, aliyeteuliwa mwaka 2004 kuwa balozi wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, amekuwa akieleza kwamba kilichomweka darasani katika miaka ya ukame ni chakula cha mchana ambacho shirika hilo lilikipeleka shuleni kwao. Aliingia katika mbio za ushindani akiwa mwanajeshi, yaani akiwa na mshahara, makao, muda wa mazoezi na makocha. Mambo hayo mawili, chakula na jeshi, hayapunguzi hata sekunde moja ya juhudi zake, ila yanaonyesha kwamba juhudi zilikuwa na mahali pa kusimama.

Mbio zile za Berlin zina jambo jingine ambalo wasimulizi hulipita haraka. Sekunde moja nyuma ya Tergat alifika Mkenya mwenzake Sammy Korir, aliyeingia katika mbio hizo kama mweka kasi, yaani mkimbiaji anayelipwa kuwaongoza wengine katika kilomita za mwanzo, ambaye aliamua kuendelea hadi mwisho na kumaliza kwa 2:04:56, muda ambao nao ulikuwa bora kuliko rekodi ya zamani ya dunia. Ikiwa mtazamo ndio unaopima ushindi, basi ni lazima ikubalike kwamba mtazamo wa Korir ulipungukiwa na sekunde moja tu, na hakuna semina inayofundisha sekunde hiyo. Kinachoweza kujifunzwa kwa Tergat kiko kwingine: baada ya kushindwa katika Olimpiki mbili na mtu yule yule katika umbali ule ule, alihamia umbali mwingine, akashindwa pia katika marathoni zake za mwanzo, akaendelea kubadilisha maandalizi hadi akafika. Anayefundisha maisha yake kwa kutaja Berlin peke yake amefundisha ukurasa wa mwisho.

Maisha ya Wangari Maathai, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mali ya Nyeri, yana sura ya Nakuru. Alizaliwa Ihithe mwaka 1940, lakini akiwa na umri wa takriban miaka mitatu familia yake ilihamia shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake aliajiriwa. Shambani hapo watoto wa wafanyakazi hawakuwa na shule, na mwaka 1947 mama yake alirudi naye Ihithe. Hata huko asingesoma, kama kaka yake Nderitu asingemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shuleni kama kaka zake, na kama mama asingelichukua swali hilo kwa uzito. Profesa aliyekuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 hakuwa, katika hatua hiyo ya mwanzo, mwenye mtazamo wowote wa mafanikio; alikuwa mtoto wa kike ambaye mtu mwingine alimuulizia.

Sehemu ya maisha yake yenye mafunzo mengi zaidi ni ile isiyotiwa katika mabango. Katikati ya miaka ya 1970 alianzisha biashara ya Envirocare, iliyokusudia kuwapa kazi wasio na ajira kwa kupanda miti. Ilikosa fedha, miche ikafa, biashara ikafungwa. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti 7 Kamukunji, Nairobi, na mingi yake haikudumu. Mtu mwenye msamiati wa vitabu vya mafanikio angesema kwamba hakukata tamaa, na angekuwa amesema kweli, ila angekuwa ameacha jambo lenyewe, kwa sababu wapo wengi wasiokata tamaa ambao hurudia kosa lile lile kwa moyo mkuu zaidi. Alichofanya Maathai ni kubadilisha muundo wa kazi: vitalu vikatoka mjini na kwenda kwa wanawake vijijini, ambao waliotesha mbegu walizozijua katika udongo walioujua, na malipo madogo yakatolewa kwa kila mche uliosalia hai baada ya kupandwa. Aliyekuwa amezika miche yake alijua kwamba kuhesabu iliyopandwa ni kujidanganya. Kanuni hiyo ya malipo, iliyo kavu kama kanuni zote za uhasibu, ndiyo iliyoibeba harakati iliyozaliwa na kazi hiyo, Green Belt Movement, hadi ikapanda zaidi ya miti milioni 30.

Swali linalobaki ni kama mtazamo unaweza kufundishwa darasani, na hapa tena Nakuru ina jibu lake. Mnamo Machi 2019, mjini Dubai, Bruda Peter Tabichi wa shirika la Wafransisko alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, yenye thamani ya dola milioni 1, akichaguliwa miongoni mwa walimu 10,000 waliopendekezwa kutoka nchi 179. Alikuwa akifundisha hesabu na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Mseto ya Kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Njoro, shule iliyokuwa na kompyuta moja, intaneti ya kubahatisha na wanafunzi ambao karibu thuluthi yao walikuwa yatima au walilelewa na mzazi mmoja. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliohitimu walijiunga na vyuo vikuu. Mwaka uliofuata waliojiunga na vyuo vikuu na vyuo vingine wakawa 26. Katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi ya mwaka 2018 wanafunzi wake waliwasilisha kifaa cha kuwasaidia wasioona na viziwi kupima vitu, na kikundi chake cha hesabu kikafuzu kwenda Arizona, Marekani, kwa mashindano ya kimataifa.

Magazeti mengi yalieleza hayo kwa kusema kwamba Tabichi aliwafanya watoto wa Pwani wajiamini. Alifanya hivyo, lakini pia alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wahitaji, pamoja na sare na vitabu vya wanafunzi ambao wangerudishwa nyumbani. Yeye na wenzake waliwafundisha wanafunzi dhaifu mmoja mmoja nje ya saa za masomo na mwishoni mwa juma, na kuzitembelea familia zao. Na alianzisha klabu ya amani kwa ajili ya watoto wa makabila saba tofauti, katika eneo ambalo halijasahau damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Imani ya mwanafunzi kwamba anaweza ilikuja pamoja na sare, daftari, mlo na jirani asiyemwogopa.

Utafiti uliochapishwa mwaka huo huo wa 2019 katika jarida la Nature unalingana na picha hiyo kwa namna ya kushangaza. David Yeager na wenzake, akiwemo Dweck mwenyewe, waliwapa maelfu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shule za sekondari za Marekani somo fupi la mtandaoni, lisilofika saa moja, kuhusu mtazamo wa ukuaji, kisha wakafuatilia alama zao. Wanafunzi waliokuwa nyuma walipanda kwa takriban pointi 0.1 katika kipimo chenye kilele cha pointi 4: ongezeko dogo, ingawa kwa gharama ndogo vile haliwezi kudharauliwa. Muhimu zaidi ni kwamba faida hiyo ilionekana hasa katika shule ambazo wanafunzi wenzao walithamini kujaribu kazi ngumu, na ilififia pale ambapo mazingira hayakuiunga mkono. Anayealikwa kuzungumza na wanafunzi wa Njoro au Molo kwa saa moja, akawaacha katika shule isiyo na maabara, anaweza kutarajia matokeo yanayolingana na saa moja.

Ikiwa maisha ya watu yatasomwa kwa namna hii, orodha ya wanaostahili kusomwa itabidi ipanuliwe, na kwa Nakuru mtu wa kwanza kuongezwa angekuwa Philip Waruinge, bondia wa mji huu katika enzi ambayo Nakuru ilikuwa chemchemi ya ndondi za Kenya. Alishinda dhahabu ya uzani wa unyoya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1966 mjini Kingston na tena mwaka 1970 mjini Edinburgh, lakini dhahabu ya Olimpiki hakuipata: mwaka 1968 jijini Mexico alishindwa katika nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji aliyeendelea kuwa bingwa, na mwaka 1972 mjini Munich alipoteza fainali kwa Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Baadaye alihamia ndondi za kulipwa nchini Japani, akapigania ubingwa wa dunia mwaka 1976 na kushindwa, kisha akarudi nyumbani. Kitabu kinachokusanya washindi kingemwacha nje kwa haki kabisa. Hata hivyo, Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki, na ambalo karibu kila mara huenda kwa mwenye dhahabu, mwaka 1968 majaji walimpa Waruinge, mwenye shaba.